Wamakedonia Wawili wa Kanengo

Kazi ya Kanengo niliipata kwa sababu ya Kiswahili, na hilo lenyewe lilinishangaza, maana Lilongwe hakuna anayekuajiri kwa Kiswahili. Kwa Chichewa, ndiyo. Kwa Kiingereza, ndiyo. Kiswahili tulikuwa tunakiacha Dzaleka kila tulipotoka katika kambi ya wakimbizi.

Nilikuwa nimeishi kambini na mama yangu miaka mitatu, nikishona sare za shule na nguo za kwaya, siku dada mmoja wa kanisani aliponiambia kwamba kuna mzungu mzee mwenye ghala la tumbaku huko Kanengo, kwenye viwanda vya Lilongwe, anatafuta fundi wa kushona ovaroli na kuziba magunia.

"Na anasema Kiswahili," akaongeza. "Tena si kile cha redioni. Cha kwetu Kongo."

Sikumwamini, lakini nilikwenda. Nilimkuta ndani ya ofisi ndogo yenye vumbi la tumbaku, mzee mrefu mkavu, nyusi nyeupe, amevaa sweta ya sufu na joto lote lile. Nilianza na Kiingereza changu cha darasani. Akanyanyua mkono.

"Acha ile. Unatoka wapi, mama?"

"Bukavu, papa."

"Bukavu! Mi nilikala Kindu miaka makumi mbili. Nilikuwa na duka pale. Halafu serikali ikakamata maduka ya bageni yote, njo nikakuya huku."

Nilicheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Kilikuwa Kiswahili cha Maniema kabisa, upande wa Kindu, cha wafanyabiashara wa sokoni, kinatoka katika kinywa cha mzungu aliyezeeka. Yeye naye akacheka. Akanipeleka kwenye cherehani, akanipa gunia lililopasuka, akasimama kuangalia mikono yangu. Alipoona mshono umemridhisha akaniuliza nitakaa wapi siku za kazi, kwa kuwa Dzaleka ni mbali.

"Nitarara kwa dada wa kanisani," nikasema.

Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza injini.

"Bantu ya Bukavu banasema kulala. We umesema kurara. Mama yako ni wa wapi?"

Nikainamia gunia tena. "Bukavu," nikajibu.

"Sawa. Mi naulizaka tu. Napenda kusikia vile bantu banasema."

Ili aache habari zangu, nikamuuliza yeye. "Na wewe, papa, ni wa wapi? Mubelgiji?"

"Hapana! Mi Mugreki. Mugreki wa Makedonia. Makedonia njo kwetu."

Makedonia nililisikia kanisani tu, katika habari za safari za mitume. Sikujua kwamba bado kuna watu wanatoka huko.

Lazima nieleze kwa nini swali lake lilinitisha. Mama yangu alizaliwa juu katika milima ya Itombwe, kwa Banyamulenge, wafugaji ambao lugha yao iko karibu na Kinyarwanda, akaolewa Bukavu na baba yangu, Mshi, wa kabila la pale. Kwetu mtoto ni wa baba yake, kwa hiyo kwenye makaratasi mimi ni Mshi, na sikudanganya nilipoandika hivyo. Lakini wakati wa vita watu hawakusoma makaratasi. Walisikiliza. Walimwambia mtu aseme neno, wakamtazama mdomo. Mama yangu alizaliwa Kongo, na mama yake pia, lakini kwa wengi ilitosha kusikia lugha yake ili waseme si Mkongo.

Baba alipokufa tukatoroka, na mama alibeba hofu ile mpaka Malawi. Pale Dzaleka kwenye foleni ya maji wamesimama Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa sauti kabla hajageuka kumwona. Katika lugha ya mama, l na r ni ndugu wa karibu sana; ukienda haraka, "lakini" inatoka "rakini". Niliwahi kumkuta jikoni peke yake, anapepeta unga, anasema polepole: lakini, lakini, lakini. Neno kulala alilikwepa kabisa. Aliwauliza majirani asubuhi, "Mulipumzika muzuri?" na wao walidhani ni adabu za watu wa mjini.

Nami nilikuwa nimejifunza vizuri kuliko yeye, lakini nikishtuka au nikifurahi kupita kiasi, r ile inaponyoka.

Msimu wa pili wa kazi yangu, mashine ya kushindilia marobota ya tumbaku iliharibika, na waliomuuzia mzee wakaleta fundi kutoka ng'ambo. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, ndevu nyekundu, mcheshi. Siku ya kwanza alikuja kwangu kutafuta kitambaa cha kufutia mafuta, akajitambulisha kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika kama changu, ndiyo maana tulielewana haraka.

"Natoka Makedonia," akasema.

Nilifurahi kupita kiasi. "Makedonia! Hata patron wetu, mwenye ghala, ni Mmakedonia! Ni ndugu yako!"

Akaacha kufuta mikono. "Patron wako ni Mgiriki."

"Ndiyo, Mgiriki wa Makedonia."

"Sista," akasema, "hakuna kitu kama hicho."

Nikadhani ni Kiingereza changu. Nikakimbia ofisini. "Papa, ule mufundi ni wa kwenu!"

"Nani alisema?"

"Yeye mwenyewe."

Mzee akavua miwani. "Ule mutu anatoka Skopje, inchi ingine, juu ya kwetu. Pale hakuna Makedonia. Jina njo letu, bao bameiba jina tu. Usiite ule mutu Mumakedonia mbele yangu."

Basi nikawa nimewasha moto bila kujua. Wale wawili walikuwa wanasalimiana vizuri asubuhi, wanazungumza mikanda na grisi, lakini jambo lile walilileta kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, kana kwamba mimi ndiye nitakayeamua. Mzee alikuja kwenye meza yangu ya kukatia, akachukua chaki ya fundi, akachora juu ya kitambaa cha kaki: hapa bahari, hapa milima, hapa mpaka. "Makedonia njo hii. Iko ndani ya Grèce, inchi yetu, tangu zamani ya zamani." Mchana fundi akauona mchoro, akachukua chaki ile ile, akaupanua kwenda juu, halafu akavuka mpaka wa mzee na kushuka mpaka karibu na bahari. "Yote hii," akasema. "Walituchana vipande." Jioni ilinibidi nikate ovaroli mbili kutoka kitambaa kile, na mguu mmoja wa suruali ulitoka na mji mzima wa bandari.

Nilikuwa na hamu kubwa ya kujua. Kwetu nilikuwa nimeona watu wakigombana kwa kuwa na majina tofauti. Watu wanaogombea jina moja sikuwahi kuwaona. Nikamuuliza kila mmoja kama lugha zao zinafanana. Fundi alisema ni kama Kiswahili na Kiingereza, hazigusani popote. Mzee alisema vile vile. "Mi sijui hata neno moja ya ile luga yao," akasema, akarudi ofisini akaufunga mlango.

Wiki ya tatu, asubuhi, fundi alikuwa ameingiza mkono ndani ya mashine kuondoa kipande cha kamba, na mfanyakazi aliyekuwa upande wa pili hakumwona, akabonyeza swichi. Mimi nilikuwa karibu na mlango na rundo la magunia. Mzee alikuwa nyuma yangu. Alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake, wala haikuwa Kiingereza, wala Kigiriki alichokuwa anakisema kwenye simu:

"Trgni rankata!"

Fundi akautoa mkono papo hapo, kabla hajafikiri, na sahani ya chuma ikashuka pale ulipokuwa. Mashine ikazimwa. Fundi aliutazama mkono wake, akaugeuza mbele na nyuma, kisha akamtazama mzee. Mzee akageuka, akatoka nje bila kofia.

Saa ya chai fundi alikuja kukaa kwenye gunia langu.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Sikuelewa."

"Alisema, ondoa mkono. Kwa lugha yangu." Akaunyosha mkono wake mbele yangu. "Si kwa lugha yangu hasa. Sisi Skopje mkono tunasema raka. Yeye alisema ranka. Alitia n katikati. Unajua nani alikuwa anatia n ile? Bibi yangu. Watoto wa mtaani walikuwa wanamcheka."

Ndipo akanieleza kwamba bibi yake alitoka upande wa Ugiriki, kijiji cha milimani, na kwamba palipokuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe alivuka mlima kwa miguu na watoto wake, na hakuruhusiwa kurudi tena mpaka kufa kwake. Aliishi kwanza katika kambi.

"Alikuwa mkimbizi?" nikauliza. Nilijua wazungu wanaosaidia wakimbizi. Mzungu ambaye mwenyewe ni mkimbizi sikuwahi kumfikiria.

"Kama wewe," akasema. "N ile wanaisema vijiji vichache tu. Mzee wako ni wa jirani na bibi yangu."

Siku mbili mzee alijifungia ofisini. Siku ya tatu alikuja kwenye cherehani na shati lisilo na kifungo kimoja, akakaa kwenye kiti cha wateja akiwa na fulana tu, akisubiri. Nilikuwa nikitafuta kifungo kinachofanana aliposema:

"Mama, we ulisikia."

"Nilisikia, papa."

"Nkambo yangu, mama ya mama, njo alinikomalisha. Hakujua Kigreki hata kidogo. Pale nyumbani tulisema ile luga. Tulisemaka tu: luga ya hapa. Haikuwa na jina ingine." Akatazama mikono yake. "Siku ya kwanza ya masomo, mwalimu akaniuliza, hii ni nini? Mukono. Nikajibu vile nkambo alisemaka. Akapiga ule mukono na fimbo. Tangu pale nilisema Kigreki tu, hata na nkambo. Yeye anauliza kwa luga yake, mi najibu kwa Kigreki. Mupaka alikufa, hatukuongea muzuri."

Nikatia uzi kwenye sindano.

"Lakini sikiliza muzuri," akasema, na sauti ikawa kali. "Mi ni Mugreki. Baba yangu alikufa ndani ya uniforme ya jeshi ya Grèce. Nkambo naye, ukimuuliza, alisema, mi ni Mugreki. Kwa ile luga ya hapa alisema, mi ni Mugreki! Ule mufundi atasema balitudanganya. Hapana. Unaelewa?"

"Naelewa, papa." Na kweli nilielewa, kuliko alivyodhani. Nilikaza kifungo, nikakata uzi, nikasema bila kupanga: "Mama yangu anasema Kinyamulenge."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu tuingie Malawi. Mlango ulikuwa wazi, wapakiaji wanapita na marobota, na hakuna aliyegeuka.

"Nilijua," akasema mzee, akivaa shati. "Nilikuwa na karani wa ile milima pale Kindu. Lakini haikuwa kazi yangu kusema."

Ijumaa nilirudi Dzaleka, nikamsimulia mama habari yote tukichambua maharage. Alisikiliza bila kunikatiza. Pale pa mwalimu na fimbo aliacha kuchambua. Pale pa lugha isiyo na jina alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza kama fundi aliumia.

"Hapana, alitoa mkono mapema. Mama, sisi mkono tunasemaje? Nilisahau."

Akatazama mlango. Nje jirani alikuwa anaanika nguo.

"Ukuboko," akasema kwa sauti ya chini.

"Ukuboko."

"Hapana hivyo. Unasema kama Mushi." Akarudia, nami nikarudia, mara nne, mpaka akaridhika. "Usiseme pale kwenye maji," akaniambia. Lakini Ijumaa iliyofuata, kabla sijauliza, alikuwa amenitayarishia neno la goti na neno la kisigino.

Kule Kanengo wale wawili bado hawakuzungumza jambo lile uso kwa uso. Fundi ndiye aliyeanza kunituma. Alikuwa na maneno ya bibi yake aliyoyakumbuka bila kujua maana yake, akayaandika kwenye karatasi moja moja. "Muulize. Mwambie ni wewe unayetaka kujua." Nami nilitaka kweli. Nikawa napeleka neno ofisini, mzee ananieleza kwa Kiswahili cha Kindu, narudi namweleza fundi kwa Kiingereza changu. Mengine mzee aliyakataa. "Sijui ile," anasema, na uso unaonyesha anajua. Mengine alirekebisha kwanza matamshi.

Neno moja lilikuwa vershnik. Fundi alikumbuka tu kwamba bibi yake alilia siku alipolitaja. Mzee aliposikia aliinuka, akaniumbia kitu hewani kwa mikono miwili.

"Ni kifuniko. Kifuniko ya chuma, kubwa, ya kupika mukate. Unaweka makala chini, unafunika, unaweka makala tena juu."

"Papa, hiyo si ni kama tunavyofanya Dzaleka? Sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko?"

"Munafanya ile?"

"Kila Jumamosi. Hatuna tanuri."

Akarudi kwenye makaratasi yake. Lakini mimi Jumatatu nilikuja na unga, hamira na sufuria ya mama, nikawasha jiko la mkaa nyuma ya ghala, nikaumua unga kwenye beseni la kazini. Wapakiaji walinitania kwamba nimechoka na nsima, ugali wao wa Malawi. Saa ya chakula mkate ulikuwa unanukia mpaka barabarani. Fundi alikuja wa kwanza, akachuchumaa mbele ya jiko, akaangalia makaa yaliyo juu ya kifuniko. Nilipokuwa nayaondoa kwa kijiti, niliona viatu vya mzee pembeni yangu.

Nikaufunua. Ulikuwa umepanda vizuri, mwekundu juu. Mzee aliuchukua kwa kitambaa, akaumega kwa mikono badala ya kukata, akampa fundi kipande. Akasema neno fupi. Fundi akajibu. Mzee akatikisa kichwa, akalirudia neno la fundi kwa namna yake, na fundi akalirudia tena kama mwanafunzi. Waliketi kwenye magunia wakaendelea hivyo, polepole, mzee akisimama kila mara kutafuta neno alilolipoteza. Sikuelewa chochote, na kwa mara ya kwanza sikuuliza. Niliona tu kwamba mzee anasema kwa sauti nyembamba isiyo yake, na nikafikiri pengine ni sauti ya yule mwanamke aliyemlea.

Msidhani walipatana. Kabla mkate haujaisha walikuwa wamehamia Kiingereza na wanabishana juu ya jina, mzee anapiga goti, fundi anachora mchangani kwa kijiti. Lakini kesho yake fundi hakunituma tena. Alikwenda ofisini mwenyewe.

Msimu ulipokwisha akaondoka. Mzee alimpeleka uwanja wa ndege kwa gari lake, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote. Aliporudi aliniambia, "Ni mutu muzuri. Kichwa nguvu, lakini mutu muzuri."

Nilifanya kazi pale mpaka mzee alipouza ghala. Nikarudi kushonea Dzaleka, nikafungua kibanda changu. Mama siku hizi anasema lugha yake ndani ya nyumba bila kutazama mlango. Kwenye foleni ya maji bado anasema kupumzika, si kulala. Mwanamke mmoja wa Kindu, jirani yetu, alimuuliza siku moja waziwazi, "Mama, we ni Munyamulenge?" na mama akajibu, "Njo, na Mukongo." Yule mwanamke akasema, "Haya, sogeza ndoo." Mama alinisimulia jambo hilo wiki nzima, akitafuta ndani yake maana ambayo sikuiona. Labda maana ilikuwa kwamba haikuendelea zaidi ya hapo.

Baada ya karibu miaka kumi, fundi aliniandikia kwenye simu. Nchi yake na Ugiriki zimekubaliana: sasa itaitwa Makedonia Kaskazini. Aliuliza kama mzee bado yupo na anasema nini.

Mzee alikuwepo, amelazwa kwa ajili ya kifua katika hospitali ya misheni huko Likuni. Nilikwenda na machungwa na pajama nilizomshonea. Alikuwa amepungua sana, lakini alizisikia habari redioni na alikuwa na hasira nazo. Kaskazini au kusini, akasema, jina lenyewe wamewapa, na hilo ni kosa, na waliotia saini hawakumuuliza mtu yeyote wa kijijini kwake. Alizungumza mpaka akakohoa. Nikamwandikia fundi kwa kifupi: anasema hapendi hata kidogo.

Jibu lilikuja nikiwa bado nimekaa kando ya kitanda. "Mwambie na mimi sipendi. Kaskazini ya nini?"

Nikamsomea kwa Kiswahili. Mzee alifumba macho, nikadhani amechoka. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika chini ya shuka.

"Andika," akasema, "tumepatana."

Halafu akaomba kuona pajama, akazigeuza ndani nje kukagua mshono, kama alivyofanya siku ya kwanza, akaniambia mikono ni mirefu mno.